Gari linachemsha? Kwanza niambie linachemshia wapi

Mteja akiingia gereji na kuniambia, "Fundi, gari inachemsha," huwa sikimbilii boneti. Namuuliza, "Inachemshia wapi, bosi?" Wengine hukasirika, wanaona nawapotezea muda. Wanataka kuona spana mkononi. Lakini gari linalochemsha Buguruni kwenye foleni ya jioni na gari linalochemsha likipanda mlima Kitonga ni wagonjwa wawili tofauti. Ukiwapa dawa moja utanunua rejeta, utanunua wota pampu, utanunua themostati, na mshale utapanda vilevile.

Mfumo wenyewe ni rahisi kuuelewa. Wota pampu inasukuma maji yazunguke silinda na hedi, yaani kichwa cha injini kinachokaa juu ya silinda. Maji yanabeba joto, yanaingia kwenye rejeta kwa mpira wa juu, yanapozwa na upepo, yanarudi kwenye injini kwa mpira wa chini. Njiani kuna bawabu anayeitwa themostati. Kwenye injini nyingi ndogo za Toyota huanza kufungua mlango joto likifika nyuzi 82 hivi. Juu ya rejeta kuna mfuniko unaobana presha ili maji yasichemke mapema. Upepo nao unatoka sehemu mbili tu: mwendo wa gari lenyewe, au feni. Shika hilo la upepo, maana ndilo linalotenganisha magonjwa mengi hapa chini.

Kama unasoma ukiwa pembeni ya barabara

Zima AC. Washa hita, joto la mwisho na kasi ya mwisho, ushushe vioo vyote. Abiria watakulaani, lakini hita ni rejeta ndogo iliyofichwa nyuma ya dashibodi, na joto linaloingia kwenu ni joto linalotoka kwenye injini. Itakupa muda wa kufika mahali salama pa kuegesha. Ila kama taa nyekundu imeshawaka, au mvuke unatoka chini ya boneti, usianze kuhesabu kilomita za kufika kituo cha mafuta. Egesha hapohapo panapofaa, zima injini.

Mfuniko wa rejeta usiuguse. Maji yaliyomo ndani yanaweza kuwa yamepita nyuzi 110 na bado hayajageuka mvuke kwa sababu yamebanwa. Ukifungua, presha inakimbia, maji yanalipuka kuelekea usoni kwako. Mimi nina kovu kwenye mkono wa kushoto, nililipata mwaka wangu wa kwanza wa kujifunza kazi, na fundi wangu alikuwa amenikataza asubuhi ileile. Subiri nusu saa, ikiwezekana dakika 45. Kisha shika mpira wa juu kwa tambara, uubinye. Ukiwa mgumu kama tairi la baiskeli, endelea kukaa. Ukiwa laini, weka tambara juu ya mfuniko, zungusha hadi kituo cha kwanza, acha hewa itoke yote, ndipo umalizie.

Maji ya kuongeza yatie kidogo kidogo, na usiimwagie injini ya moto maji ya baridi kwa nje. Chuma kilichotanuka hakipendi kushtuliwa.

Jambo moja limewaua wengi injini: mshale unapanda, unafika juu kabisa, halafu ghafla unashuka wenyewe. Dereva anafurahi, anakanyaga mafuta. Kumbe maji yamekwisha, sensa imebaki kwenye mvuke na hewa, haina tena cha kupima. Mshale ukishuka bila sababu baada ya kupanda, simama haraka kuliko ulivyotaka kusimama mwanzo.

Wenye Passo na Vitz nyingi, nyie hamna hata mshale. Mna taa ya bluu ya injini kuwa baridi na taa nyekundu ya hatari, katikati hakuna kitu. Na hata penye mshale, umetengenezwa utulie katikati wakati joto linacheza kwa nyuzi nyingi tu, ili dereva asihangaike. Ukiuona umeanza kupanda, ujue mambo yameshakwenda mbali. Ndiyo maana nawashauri wateja wangu wanunue kile kifaa kidogo cha OBD kinachochomekwa chini ya usukani na kusoma kwenye simu. Si ghali, na kinakuonyesha joto la maji kwa tarakimu. Gari nyingi za kuanzia katikati ya miaka ya 2000 zinakubali, ingawa baadhi zilizotengenezwa kwa soko la Japani hugoma. Gari zima likiwa linatembea vizuri utaona namba kati ya 80 na 95. Izoee namba ya gari lako likiwa zima, ili siku likiumwa uijue tofauti.

Foleni linachemsha, likitembea linapoa

Hapa upepo wa mwendo upo, wa feni haupo. Anza na feni wala usimruhusu mtu akuuzie kitu kingine kabla ya kuiangalia.

Kipimo hakihitaji fundi. Washa injini, washa AC, shuka ukaangalie. Kwenye magari mengi madogo ya Kijapani, AC ikishika, feni lazima iwake ndani ya sekunde chache. Kama yana feni mbili, hesabu mbili. Nimepokea magari yenye feni moja nzima na nyingine imebaki fremu, mwenyewe hajui ilitoka lini.

Feni ikigoma, fyuzi kwanza, halafu relei, ile swichi ndogo inayowashwa kwa umeme. Kwenye sanduku la fyuzi mara nyingi relei ya honi inafanana na ya feni. Zibadilishane, na kama feni imeamka umepata mchawi kwa bei ya bure. Bado imelala? Zima injini, chomoa soketi ya feni uitazame kama ina kutu au imeyeyuka. Kisha ichomeke tena, mwenzako awashe AC, wewe gonga mgongo wa mota kidogo kwa mpini wa bisibisi, vidole vikiwa mbali na mapanga. Ikizunguka baada ya kugongwa, kaboni za ndani zimekwisha. Itazunguka leo, kesho itakuacha Tazara.

Sasa kuna feni inayozunguka na gari bado linachemsha. Hili ndilo linalowachanganya hata mafundi. Chukua karatasi ya daftari, iweke mbele ya rejeta, upande wa bampa. Feni ikiwa sawa, karatasi inavutwa na kunata pale. Ikipeperushwa kuelekea kwako, feni inazunguka kinyume: kuna mtu alibadilisha mota akaunga nyaya kichwa chini. Upepo wa feni unapigana na upepo wa barabara. Gari la namna hiyo liliwahi kuletwa kwangu likiwa na rejeta mpya inayong'aa na themostati ikiwa imetupwa. Kazi yote ilikuwa kugeuza nyaya mbili.

Mafundi wengine feni ikisumbua huiunga dairekti: ukiwasha gari na yenyewe inawaka, mpaka uzime. Kufika nyumbani sawa, lakini usikubali ikae hivyo. Kilichoharibika, iwe sensa au relei, kimebaki kimeharibika, mota inachakaa haraka, na waya wenyewe mara nyingi huwekwa bila fyuzi. Waya usio na fyuzi ukipata shoti hauna wa kuuzima ila moto.

Feni zikiwa nzima, tazama uchafu. Mbele ya rejeta kuna kondensa ya AC, na kati ya hizo mbili ndipo panapojaa vumbi, wadudu, manyoya, hata mifuko. Ukichungulia kwa mbele kondensa inaonekana safi, uchafu uko nyuma yake. Maji ya kuoshea yatoke upande wa injini kwenda nje, kwa presha ndogo. Yale mapampu ya kuoshea magari yanalaza mapezi ya rejeta, na mapezi yaliyolala hayapitishi upepo.

Prado, Hilux na wenzao wa injini iliyolala kwa urefu wengi wana feni inayoendeshwa na injini kupitia klachi yenye mafuta ya silikoni. Zima injini ikiwa ya moto, halafu jaribu kuizungusha feni kwa mkono: iwe nzito. Ikizunguka raundi kadhaa kama pangaboi la dirishani, silikoni imevuja. Mara nyingi utaona na alama ya mafuta katikati ya klachi.

Mjini halina shida, mlimani linachemsha

Hapa upepo upo wa kutosha, ila joto limekuwa jingi kuliko rejeta inavyoweza kulitoa. Mjini ilikuwa inamudu. Umeweka familia nzima na magunia, umeanza kupanda Kitonga nyuma ya semi, gia ndogo, mzunguko wa injini uko juu, na hapo siri ya rejeta inafichuka.

Asubuhi injini ikiwa baridi kabisa, fungua mfuniko utazame ndani kwa tochi ya simu. Unatakiwa uone midomo ya mirija na maji yenye rangi safi. Ukikuta uji wa kutu, rangi ya chai, au magamba meupe, rejeta imeziba kwa ndani. Chanzo chake nakijua bila kuuliza: maji ya bomba, na kwa watu wa pwani, maji ya kisima yenye chumvi. Yakipashwa moto na kupoa mara elfu, chumvi inabaki kwenye mirija kama inavyobaki kwenye birika.

Kipimo cha pili: endesha hadi injini ipate moto, zima injini (kumbuka feni ya umeme inaweza kuwaka ghafla hata gari likiwa limezimwa, toa ufunguo), kisha pitisha kiganja karibu na uso wa rejeta kutoka upande hadi upande. Joto lishuke taratibu kutoka maji yanapoingilia kwenda yanapotokea. Ukikuta kipande kimepoa katikati ya sehemu za moto, hapo mirija imekufa.

Tazama pia mpira wa chini wakati mtu anakanyaga mafuta. Ukijikunja na kubonyea kama mrija wa juisi unaonyonywa, pampu inavuta maji ambayo rejeta haitoi, au mpira wenyewe umelegea kwa uzee.

Zile rejeta za shaba za zamani fundi alikuwa anaweza kuzifungua, kuzizibua kwa waya na kuzifunga kwa risasi. Hizi za aluminiamu zenye vichwa vya plastiki hazipendi mchezo huo. Plastiki ikishazeeka huanza kupasuka pale ilipobanwa. Nunua nyingine. Ukienda mtaa wa Gerezani, Dar, kununua ya mtumba, usiangalie rangi ya nje. Omba dumu la maji, mimina mdomo wa juu: yatoke chini kwa kasi ileile unayomimina. Yakikusubirisha, unanunua kutu ya mtu mwingine.

Mlimani kuna jambo la pili, la urefu kutoka usawa wa bahari. Iringa mjini maji ya kawaida yasiyobanwa yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, si 100 kama Dar. Kwa hiyo mfuniko mchovu unaokubebea Kinondoni mwaka mzima utakuangusha ukipanda nyanda za juu. Na lile kava la plastiki la chini ya injini, ambalo mafundi hulitoa wakati wa kumwaga oili na kulisahau ukutani? Linasaidia kuelekeza upepo upite kwenye rejeta badala ya kukimbilia chini ya gari. Lirudishwe.

Kwa wa otomatiki, kumbukeni kwamba kwenye magari mengi mafuta ya gia yanapozwa ndani ya rejeta hiyohiyo. Ukipanda kwa kulazimisha D na gari linahangaika kubadili gia, gia zenyewe zinamwaga joto kwenye maji. Weka 2 au L, zima AC, panda taratibu. Na siku ukifungua rejeta ukakuta rangi ya maziwa ya stroberi, usiwashe tena gari: mafuta ya gia na maji yamekutana, na sasa kilicho hatarini ni gia boksi.

Halimalizi kilomita tano

Linawaka vizuri, dakika chache mshale juu, foleni au hakuna foleni. Hapa maji hayapo au hayazunguki.

Kama taa ya betri na ya joto zimewaka kwa pamoja, mkanda umekatika. Kwenye injini nyingi ndogo, kama 1NZ ya IST na Vitz, mkanda mmoja unaendesha alteneta na wota pampu. Usiende nao hata mita mia mbili.

Mkanda upo? Shika mipira yote miwili kwa uangalifu injini ikiwa imepata moto. Wa juu unaunguza na wa chini wa baridi: themostati imegoma kufungua, au rejeta imeziba kabisa. Themostati inapimwa jikoni. Banisha uzi kwenye mlango wake, itumbukize kwenye sufuria ya maji, washa jiko. Kabla maji hayajachemka iwe imefunguka na kudondoka kutoka kwenye uzi uliobanwa mlangoni. Maji yakichemka na imenuna, itupe. Mpya ikifungwa, kile kipini kidogo cha kupitishia hewa kiangalie juu.

Wota pampu inayokufa huacha ushahidi. Ina tundu dogo la kupumulia. Sili ikiisha, maji yanajipenyeza hapo na kuacha ukoko wa rangi ya kulanti (dawa inayochanganywa na maji ya rejeta), wa pinki au mweupe. Shika puli uitikise: ikicheza, beringi imekwisha. Nyingine haivuji wala hailii, ila mapanga yake yameliwa na kutu yamebaki vijiti. Hiyo utaijua kwa kuifungua tu.

Linatema maji kwenye kidumu cha pembeni

Mwalimu mmoja aliniletea Noah yake akiwa amekata tamaa. Alikuwa ameshabadilishiwa rejeta kwenye gereji nyingine, wakambadilishia na pampu, na bado kila akifika shuleni kidumu kimefurika na maji yanachuruzika chini. Gereji ile ilikuwa imemwambia kinachofuata ni kushusha hedi. Akaja kwangu kuuliza kama nitamfanyia kwa awamu.

Nilifungua mfuniko wa rejeta nikaugeuza. Mpira wake ulikuwa umekauka na kupasuka kama kisigino cha kiangazi. Walipofunga rejeta mpya waliokoa mfuniko wa zamani. Nikampa mwanangu hela akanunue mwingine wenye namba ileile, tukajaza maji, nikamwambia azunguke hadi Mbagala na kurudi. Alirudi kidumu kimetulia.

Mfuniko una vali mbili. Ya kwanza inashikilia presha. Namba iliyoandikwa juu, kama 0.9 au 1.1, ndiyo presha hiyo kwa kipimo cha bar. Usinunue namba tofauti kwa kudhani kubwa ni bora, mipira mizee italipuka. Vali ya pili ni ndogo katikati, inafunguka injini ikipoa ili rejeta inyonye maji kutoka kidumuni. Ikiganda, asubuhi utaukuta mpira wa juu umebonyea kama chupa ya maji iliyonyonywa, na kidumu kimejaa huku rejeta ina njaa. Wanaochungulia kidumu tu wakaridhika huwa wanapigwa hapa.

Maji yanapungua na huoni yanakoenda

Kabla ya kulia na gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya hedi na silinda, tafuta. Weka boksi lililofunguliwa chini ya injini usiku, asubuhi soma madoa. Papasa zulia upande wa abiria wa mbele: likiwa na unyevu wenye utelezi na vioo vinashika ukungu wenye harufu tamutamu, hita inavuja. Kagua mipira kwenye klempu zake, na mshono wa plastiki ya rejeta. Ukoko wa rangi ndio nyayo za mwizi.

Usipopata kitu nje, maji yanaondokea ndani. Washa gari asubuhi likiwa baridi na ubinye mpira wa juu. Ndani ya dakika mbili maji hayajapata moto wa kutengeneza presha; mpira ukishakuwa mgumu, presha inatoka kwenye silinda kupitia gasketi ya hedi. Au fungua mfuniko ungali baridi, mwenzako awashe, uangalie: mapovu yasiyokoma, kama soda iliyotikiswa, ni moshi wa injini. Gari linaloamka asubuhi likitikisika, silinda moja imekufa kwa nusu dakika halafu linatulia, linanywa maji usiku. Plagi ya silinda hiyo utaikuta nyeupe safi kama imeoshwa.

Kila mtu anajua ishara ya oili kuwa kama chai ya maziwa. Ni kweli, ila itazame kwenye stiki ya kupimia oili. Ute kidogo chini ya mfuniko wa kujazia oili peke yake, kwa mtu wa Njombe anayeendesha dakika tano kwenda kazini asubuhi za baridi, unaweza kuwa mvuke tu uliogandia pale. Hata moshi mweupe wa asubuhi unaopotea baada ya muda ni wa kawaida kwenye baridi. Usioisha, wenye harufu tamu, ndio wa kuogopa. Kuna dawa ya bluu ya kupimia inayowekwa juu ya mdomo wa rejeta. Moshi wa injini ukipita inageuka njano. Mdai fundi akupime nayo kabla hajagusa boliti za hedi.

Ikithibitika, hedi ishuke, na ipelekwe kwenye mashine ikapimwe unyoofu. Kupinda kunakoruhusiwa kwenye injini nyingi ndogo za Toyota ni milimita 0.05, hakuonekani kwa jicho. Fundi anayefunga gasketi mpya juu ya hedi ambayo haikupimwa amekuuzia miezi miwili. Wenye Prado za 1KZ muulize pia kuhusu nyufa, injini hiyo inajulikana kwa hedi kupasuka ikishachemshwa.

Zile dawa za kuziba, pamoja na yai na bizari tunazozijua wote, zinaziba kweli tundu dogo la rejeta. Zinaziba na mirija ya hita, na ile ya rejeta iliyokuwa nzima. Ukiwa porini umekwama, zitumie ufike. Ukifika, safisha mfumo mzima.

Taa ya bluu haizimi, au mshale haupandi kabisa

Mwenye gari hili huwa hana malalamiko. Gari halichemshi tena tangu fundi atoe themostati! "Ile ni ya baridi ya Ulaya," anaambiwa, "sisi huku joto tunalo." Hii ndiyo dhambi kubwa ya kazi yetu, na nilishaitenda.

Kompyuta ya gari ikiona injini ni baridi inaongeza petroli, siku nzima. Mafuta yanakwenda, oili inachafuka, injini inachakaa. Ubaya zaidi, kwenye injini nyingi themostati ikifunguka inafunga wakati huohuo njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini bila kupita rejeta. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi, na sehemu ya maji ya moto inazunguka humohumo. Tambarare huoni kitu. Ukipanda mlima wenye mzigo, gari lisilo na bawabu linachemsha kuliko lenye naye.

Kujaza upya, baada ya tiba yoyote kati ya hizi

"Hatuna barafu, kulanti ya nini?" Ya kuzuia kutu, ya kulinda sili ya pampu, na ya kusogeza mbele nyuzi za kuchemka. Rangi isikudanganye, kila kiwanda na rangi yake. Soma kilichoandikwa kwenye kopo. Ya pinki ya Toyota ya muda mrefu huja imeshachanganywa, haitaki maji. Ya kuchanganya mwenyewe weka nusu kwa nusu na maji yaliyosafishwa, yale yanayouzwa kwa ajili ya betri. Hakikisha ni maji na si tindikali, maana vichupa hukaa rafu moja na watu huviita jina moja.

Osha mfumo kwa maji safi hadi yatoke meupe. Egesha gari pua ikiangalia juu kidogo, hita iwe kwenye joto la mwisho, mimina taratibu huku ukibinya mipira kufukuza hewa. Vitz au IST itachukua karibu lita 5. Washa injini mfuniko ukiwa wazi, iache iungurume. Maji yatashuka, ongeza. Yatatoa mapovu machache, yanyamaze. Themostati ikifunguka utayaona yanaanza kutembea, na hita ndani itaanza kupuliza moto. Hita ikipuliza baridi, bado kuna hewa, usifunge. Feni ikiwaka na kuzima mara mbili, funga mfuniko, jaza kidumu hadi mstari wa juu.

Asubuhi yake injini ikiwa baridi, fungua tena. Utakuta pameshuka kidogo, ni hewa iliyobaki, jaza. Siku ya tatu angalia mara ya mwisho. Kama pamebaki ulipopaacha, funga boneti. Kama pameshuka tena, tandika lile boksi chini ya injini usiku.